Kupenya, Kupenyea na Kupenyeza: Uhakiki wa Lugha ya Kueleza Upitaji wa Dutu katika Utando wa Seli

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa mjadala wa majina. Wataalamu hukutana, huyapanga maneno ya Kiingereza katika safu moja, kisha katika safu ya pili hulitafutia kila neno mwenziwe wa Kiswahili. Kazi hii ni ya lazima, na matunda yake hayapuuziki: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, ni ushahidi tosha. Lakini mwanafunzi hasomi safu mbili za maneno. Husoma sentensi. Na sentensi ya Kiswahili haibebwi na nomino peke yake; uzito wake mkubwa huwa katika kitenzi, ambacho kwa viambishi vyake hutuambia ni nani atendaye, ni nani atendewaye, ni kwa njia gani na kwa kusababishwa na nani.

Makala haya yananuia kuhakiki lugha itumiwayo kueleza jambo moja la biolojia, yaani jinsi dutu zinavyoingia na kutoka katika seli kwa kuupita utando wake. Jambo hili tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni msingi wa mambo mengi: mzizi kupata maji, figo kuchuja damu, mshipa wa fahamu kupeleka habari, utumbo kupokea chakula. Pili, ni jambo ambalo kueleweka au kutoeleweka kwake kwaweza kuwa suala la uhai na mauti, kama tutakavyoona tutakapofika kwenye mtoto anayeharisha.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii. Kiini cha somo hili lote ni swali moja: dutu inapovuka utando, ni nani afanyaye kazi? Kiswahili kina njia yake ya kulijibu swali hilo, tena bila kuongeza neno hata moja la kigeni, kwa mnyambuliko wa kitenzi. Lakini sisi waelezaji, kwa kufuatisha nomino za Kiingereza, aghalabu huiacha njia hiyo na kushika maneno yanayolificha jibu.

2. Ukuta, kiwambo au utando?

Tuanze na kitu chenyewe kinachopitwa. Maneno matatu husikika: ukuta, kiwambo na utando. Hayalingani hata kidogo.

Neno ukuta halifai, na si kwa sababu ya ladha tu. Seli ya mmea ina ukuta kwelikweli, uliojengwa kwa selulosi, nao uko nje ya kile tunachotaka kukitaja. Seli ya mnyama haina ukuta huo. Anayekiita kile cha ndani ukuta hujinyima jina la cha nje, na mwanafunzi wake hatajua kwa nini seli nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu hupasuka, ilhali seli ya jani huvimba na kukaza tu. Jani huokolewa na ukuta. Damu haina wa kuiokoa.

Kiwambo ni neno zuri lenye asili njema. Latokana na kuwamba, na kinachowambwa ni ngozi ya ngoma. Hata hivyo, ngozi ya ngoma ni kitu kilichokufa, kikakaushwa, kikavutwa hadi kikakazana. Anayesikia neno kiwambo huona kitu kikavu, kigumu, kisichotikisika mpaka kipigwe. Picha hii ni kinyume cha mambo yalivyo.

Utando, kwa upande mwingine, ni neno la jikoni na la pembeni mwa nyumba. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa yapoe hufanya utando. Mchuzi wa nyama ukilala hutandwa na mafuta. Buibui hutanda utando wake, na wingu hutanda angani. Kitenzi kungali hai ndani ya jina: utando ni kitu kilichotanda, chembamba, chepesi, kinachofuata umbo la kile kinachokifunika. Sasa tuyalinganishe haya na matokeo ya uchunguzi. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, nchini Uholanzi, walitoa mafuta yote ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakayapima. Wakaona yanatosha kuzifunika seli hizo mara mbili. Wakakata kauli kwamba seli imefunikwa na tabaka mbili za mafuta. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kuwa mafuta hayo hayakuganda kama ubao. Ni majimaji, na protini mbalimbali huelea ndani yake. Unene wa kitu hiki ni kama nanometa 7 au 8, na nanometa moja ni sehemu moja katika milioni ya milimeta.

Mafuta membamba, laini, yaliyotanda: kwa hakika jina utando lilikuwa likitusubiri. Huu ni mfano wa istilahi iliyofaulu, na imefaulu kwa kuwa yeyote aliyewahi kuinamia sufuria ya maziwa tayari ana nusu ya somo.

3. Chujio na bawabu

Baada ya kukipa kitu jina, mwelezaji hukifananisha. Hapa twakutana na tamathali mbili zilizoenea sana, moja ya chujio na moja ya bawabu. Zote mbili zahitaji kuhakikiwa kwa makini, kwa kuwa tamathali katika sayansi si pambo. Ni hoja, na hoja yaweza kuwa ya uongo.

Tamathali ya chujio yasema kwamba utando una matundu madogo. Kilicho kidogo hupita, kilicho kikubwa huzuiwa, kama tui linavyopita na machicha yakabaki. Hii ni fikra ya zamani, nayo ilikuwa na watetezi wakubwa huko Ulaya katika karne ya 19. Ubaya wake ni kwamba huvunjika mara tu tunapoijaribu. Ioni ya sodiamu ni ndogo mno, lakini peke yake haiwezi kuyavuka mafuta ya utando isipokuwa kwa nadra sana. Homoni za jamii ya steroidi ni kubwa kuliko ioni hiyo mara nyingi, lakini hupita bila kizuizi. Kama utando ungalikuwa chujio, mambo yangalikuwa kinyume. Jibu lilidokezwa na Overton katika miaka ya mwisho ya karne hiyo ya 19: kinachopita kwa urahisi si kile kidogo bali kile kiyeyukacho katika mafuta. Sodiamu ina chaji, na molekuli za maji zimeizunguka na kuing'ang'ania. Kuiingiza katika mafuta ni kuitenganisha na jamaa zake, jambo lenye gharama. Oksijeni haina jamaa wa namna hiyo, basi huingia na kutoka.

Kwa hiyo chujio hupanga kwa ukubwa, na utando hupanga kwa tabia. Mpishi anajua tofauti hii vizuri: chumvi haiyeyuki katika mafuta ya kukaangia hata ikisagwa namna gani, na rangi ya bizari hutoka vema katika mafuta kuliko katika maji. Mfano wa jikoni upo, tena ni wa kweli zaidi kuliko ule wa chujio.

Tamathali ya bawabu nayo yasema kwamba utando hukaa mlangoni, huwatazama wanaokuja, huwachagua wema na kuwafukuza wabaya. Ni tamathali ya kupendeza darasani, maana watoto hupenda visa. Lakini bawabu ana akili na nia. Utando hauna. Sumu nyingi huingia katika seli bila kuulizwa neno, kwa sababu tu zayeyuka katika mafuta. Bawabu gani huyu amruhusuye mwuaji kwa kuwa amevaa nguo inayofanana na mkeka wa mlangoni? Mwanafunzi aliyefunzwa habari za bawabu atauliza kwa nini alilala. Aliyefunzwa habari za mafuta hatakuwa na haja ya kuuliza.

Hata neno teuzi, katika fungu la maneno utando teuzi, lina mabaki ya bawabu huyu. Twaweza kulivumilia maadamu limekwisha kuenea, lakini lisiachwe bila maelezo. Na lile la utando nusu-penyezi ni baya zaidi, kwani nusu ya kupenya haieleweki. Je, dutu huingia hadi kiunoni ikasimama?

4. Ni nani afanyaye kazi?

Hapa ndipo kiini cha makala haya. Biolojia hutofautisha njia kuu tatu za kuuvuka utando.

Katika njia ya kwanza, dutu huyavuka mafuta yenyewe kwa mwendo wake wa asili, ikitoka ilikokolea kwenda ambako haikukolea. Oksijeni na kaboni dayoksaidi hufanya hivyo. Hakuna anayesaidia, na hakuna nishati ya seli inayotumika.

Katika njia ya pili, dutu haiwezi kuyavuka mafuta, lakini imewekewa protini yenye njia ndani yake. Glukosi huingia katika seli nyekundu ya damu namna hii. Mwelekeo bado ni ule ule, kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, na seli bado hailipi kitu. Kilichoongezeka ni njia tu.

Katika njia ya tatu, dutu husukumwa kinyume, kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi. Hapa seli hulipa. Mfano mashuhuri ni pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo kimeng'enya chake kilielezwa na Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1957, kwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Kila inapotumia molekuli moja ya ATP, pampu hii hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu. Kwa kazi hiyo isiyokoma, nje ya seli zetu sodiamu huwa takriban milimoli 145 kwa lita na ndani huwa kama 12 tu. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Je, sisi huzielezaje njia hizi? Aghalabu kwa neno moja, usafirishaji, likifuatwa na kivumishi: usafirishaji usiotumia nishati, usafirishaji saidizi, usafirishaji unaotumia nishati. Tulitazame neno hilo kisarufi. Mzizi ni safiri. Kiambishi -ish- ni cha kauli ya kutendesha. Asafirishaye humfanya mwingine asafiri. Hapana usafirishaji pasipo msafirishaji. Basi tunaposema kwamba oksijeni inasafirishwa kupita utando, sarufi yetu imekwisha kumtaja mtendaji ambaye hayupo. Kisha tunaongeza kivumishi kusema kwamba mtendaji huyo hatumii nguvu. Mwanafunzi husikia habari ya hamali abebaye mzigo bila kutoa jasho, akaikariri kwa ajili ya mtihani, na akaisahau, kwa kuwa akili haihifadhi kwa muda mrefu kitu ambacho lugha yake mwenyewe inakikanusha.

Sasa tuutazame mzizi mwingine, penya. Mzizi huu unatupa yafuatayo.

Kupenya, kauli ya kutenda: dutu yenyewe yapita. Oksijeni hupenya utando. Hiyo ni njia ya kwanza.

Kupenyea, kauli ya kutendea: dutu yapita mahali au kwa njia fulani. Husema mtu, "Sikuona pa kupenyea." Kauli hii haimtaji msukumaji, huitaja njia. Glukosi hupenyea katika protini. Hiyo ni njia ya pili, na tofauti yake na ya kwanza, ambayo vitabu huieleza kwa aya nzima, hapa imeelezwa kwa irabu moja.

Kupenyeza, kauli ya kutendesha: yuko anayeifanya dutu ipenye. Pampu huipenyeza sodiamu nje. Mtendaji yupo, naye hulipa. Hiyo ni njia ya tatu.

Zaidi ya hayo, kauli ya kutendeka yatupa kupenyeka, ambayo ni sifa ya utando wenyewe: utando hupenyeka kwa maji, haupenyeki kwa sukari. Twaweza kuiacha ile nusu isiyoeleweka, tukasema utando unapenyeka kwa nini na haupenyeki kwa nini. Na kwa kuwa wazungumzaji walikwisha kuunda jina upenyo kwa maana ya nafasi nyembamba ya kupitia, tunalo jina la protini ile iliyo kama njia. Lakini tusiseme kipenyo, maana wanahisabati wamekwisha kulichukua kwa mstari unaokata duara katikati.

Si kwamba tumebuni chochote hapa. Kauli hizi zimefundishwa katika sarufi zetu tangu zamani, na kila mzungumzaji huzitumia bila kufikiri. Tumezoea tu kuziona kuwa mali ya somo la lugha, ilhali ni chombo cha kufikiria.

Neno moja kuhusu mbebaji. Protini nyingine za njia ya pili na ya tatu huitwa hivyo, na jina hili huleta picha ya mchukuzi anayetoka upande mmoja na mzigo begani akaenda hadi upande wa pili. Mambo si hivyo. Protini haitoki ilipo. Hubadilisha umbo, ikafunguka upande huu, kisha ikajifunga na kufunguka upande ule. Yafanana zaidi na daka la nyumba ya pwani, lau daka hilo lingalikuwa na sharti kwamba mlango wa ndani haufunguliwi mpaka wa nje umefungwa. Anayetembea ni mgeni, daka halijongei.

5. Osmosisi, na swali la kukolea

Ama kuhusu maji, twahitaji kusimama kidogo, maana hapa lugha zote zimepata taabu.

Mwaka 1748 Nollet, Mfaransa, aliona kwamba chombo chenye spiriti ya mvinyo kilichozibwa kwa kibofu cha mnyama na kutoswa majini huvimba, kwa kuwa maji huingia. Katika miaka ya 1820 Dutrochet alilipa tukio hilo jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusukuma, akatofautisha msukumo wa kuingia na msukumo wa kutoka. Mwaka 1854 Graham alizikata zile sehemu za mbele, likabaki osmosi, nalo baadaye likawa osmosisi. Fikra ya msukumo maalumu imekwisha kuachwa zamani; jina limebaki. Hili latufunza kwamba jina laweza kukosea na sayansi ikaendelea, mradi sentensi zinazolizunguka ziwe sahihi. Ndiyo maana hatuna ugomvi na osmosisi kama neno la mkopo. Ugomvi wetu ni na sentensi.

Sentensi iliyozoeleka ni kwamba maji hutoka penye ukolezi mdogo kwenda penye ukolezi mkubwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba dutu zote hutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye mdogo huchanganyikiwa, na ana haki. Ukolezi wa nini? Neno ukolezi lina asili nzuri jikoni: chumvi imekolea, sukari haijakolea. Lakini kitenzi kolea hudai mtenda. Mpishi hasemi "imekolea" akanyamaza mahali ambapo hakuna ajuaye ni nini kilichotiwa. Nomino imemruhusu mwandishi kumficha mtenda. Turudishe kitenzi, na giza litaondoka: maji hutoka yalipo mengi kwenda yalipo machache, na palipokolea chumvi au sukari ndipo maji yalipo machache. Kanuni ni moja, si mbili. Upatanisho wa ngeli wenyewe hutulazimisha kusema ni kipi kilicho kingi na ni kipi kilicho kichache.

Pwani walijua jambo hili kabla ya vitabu. Papa akipasuliwa na kutiwa chumvi hutoa maji, akawa ng'onda. Embe bichi la achari likinyunyiziwa chumvi hulia. Kunde zilizorowekwa hufura. Msemo ni kwamba chumvi huvuta maji. Huu ni msemo wenye manufaa, lakini una upungufu wake: huipa chumvi mikono, na hausemi chumvi iko upande gani. Upungufu huu tutaurudia punde.

Tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa maji huyapenya mafuta tu. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake walionyesha kwamba kuna protini iliyo upenyo wa maji: mayai ya chura yaliyofanywa kuwa nayo yalivimba na kupasuka katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha, na yasiyokuwa nayo yalisalimika. Kwa ugunduzi huo Agre alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003. Kwa istilahi zetu twasema kwa wepesi: maji hupenya kidogo, na panapo upenyo hupenyea kwa wingi. Lakini hayapenyezwi. Hakuna pampu ya maji katika seli. Seli ikitaka maji yasogee, huisogeza chumvi.

6. Maji ya chumvi na sukari

Hadi hapa msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya darasani. Basi tuyatoe nje ya darasa.

Kipindupindu kilipofika Kenya mwaka 1971, na katika milipuko mingi tangu hapo, maelezo ya kuokoa mtoto yametolewa majumbani na zahanatini kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zetu, si kwa Kiingereza. Maelezo yenyewe ni mafupi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mama huyashika. Lakini asipojua sababu, atayabadilisha siku atakapopungukiwa na kitu, na kila badiliko analolifanya laonyesha vile alivyoelewa. Anayedhani sukari ni ya kumpa mtoto nguvu au ya kupunguza ukali wa chumvi ataiacha ikiwa haipo. Anayejua tu kwamba chumvi huvuta maji ataizidisha, ili maji yavutwe zaidi. Wote wawili wamefuata lugha waliyopewa.

Ukweli ni huu. Katika utando wa seli za utumbo mwembamba mna protini ambayo haipokei sodiamu peke yake wala glukosi peke yake. Hupokea ioni 2 za sodiamu pamoja na molekuli 1 ya glukosi, ikaziingiza kwa pamoja. Fikra hii ilitolewa na Robert Crane huko Prague mwaka 1960. Sodiamu huko ndani ni chache, kwa kuwa pampu tuliyoitaja huitoa daima; basi hupenyea kwa mwelekeo wake wa asili, na katika kupenyea kwake huipenyeza glukosi hata pale ambapo glukosi isingeingia yenyewe. Maji hufuata. Sumu ya kipindupindu huzifanya penyo za kloridi zikae wazi, na maji ya mwili yakatoka nje kwa wingi wa kutisha. Lakini ile protini ya sodiamu na glukosi huiacha salama. Uhai wa mtoto umebaki katika njia hiyo moja. Sukari ndiyo inayoifanya chumvi ipate pa kupenyea.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa kinywaji cha namna hii baada ya maji ya kutiwa mishipani kupungua, na vifo vikashuka sana. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza vipimo vya mchanganyiko wa pakiti, kutoka jumla ya milimoli 311 kwa lita hadi 245, kwa kuwa mchanganyiko uliokolea kidogo ulionekana kufaa zaidi. Hapa tunaona upungufu wa ule msemo wa chumvi kuvuta maji. Ni kweli, huvuta. Lakini ikizidi ndani ya utumbo, itayavuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na mtoto atazidi kukauka.

Na hapa pana jambo la mwisho la lugha. Mtoto akinywa, sisi husema maji yameingia mwilini. Kwa mzungumzaji, yamo. Kwa seli, bado. Maji yaliyomo tumboni yako nje ya kila utando, kama maji yaliyo katika bomba lipitalo katikati ya nyumba: yamo nyumbani, lakini hayajatumika. Ndiyo maana mtoto anaweza kunywa maji matupu mara kumi na bado akafa kwa kukosa maji. Lugha yetu ina -mo na -ko na -po. Inaweza kulisema jambo hili kwa usahihi mkubwa. Maji yamo tumboni, lakini hayamo mwilini mpaka yavuke.

7. Pingamizi

Yamkini atatokea msomaji wa kutupinga kwamba kupenyeza ni neno lenye harufu ya magendo na mlungula. Ni kweli kwamba bidhaa hupenyezwa mipakani na bahasha hupenyezwa chini ya meza. Lakini maana hiyo haituharibii; yatusaidia. Mwenye magendo hupitisha kitu mahali ambapo kwa kawaida kisingepita, tena kwa gharama. Ndivyo pampu ifanyavyo.

Mwingine atasema kwamba katika shule za sekondari za Kenya biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, basi yote haya ni ya nini. Jibu letu ni kwamba mwalimu anapoona darasa halijaelewa hugeukia lugha ambayo darasa laielewa, na mwuguzi hana darasa. Ana mama na mtoto. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haimaanishi kitu ikiwa lugha rasmi haiwezi kumweleza mwananchi kwa nini atie sukari.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba mwanafunzi atakayeendelea na masomo atakutana na majina ya kimataifa, na majina yetu yatamchelewesha. Hatupendekezi kuyafuta majina hayo. Osmosisi, ioni, protini na pampu zibaki. Tunachopendekeza ni kwamba jina la mkopo likae katika sentensi iliyojengwa na Kiswahili, si katika sentensi iliyokopwa pamoja na jina.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika kueleza upitaji wa dutu katika utando wa seli, Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Jina utando limelenga shabaha. Chujio na bawabu ni tamathali zinazopotosha, na usafirishaji humtaja mtendaji asiyekuwapo. Kupenya, kupenyea na kupenyeza huutoa ugumu huo, kwa kuwa tofauti kati ya kauli hizi ndiyo tofauti ile ile ambayo biolojia huitafuta.

Linalofuata ni jambo la kazi. Kila istilahi inapopendekezwa, isiandikwe peke yake katika safu. Iandikiwe sentensi tatu: moja ya mtaalamu, moja ya mwalimu, na moja ya mwuguzi akiongea na mama. Isipoweza kusimama katika sentensi hizo, irudishwe. Kwa ajili hiyo, idara zetu za lugha hazina budi kukaa meza moja na idara za biolojia na shule za uuguzi. Wao wanajua ni nani afanyaye kazi katika seli. Sisi tunajua namna kitenzi kinavyomtaja. Mpaka tutakapokaa pamoja, mama wa zahanatini ataendelea kupokea vipimo bila sababu, na siku sukari itakapokosekana hatakuwa na wa kumwambia kwamba ndiyo ifunguayo njia.